Mwalimu wa Mpira Usioonekana

Mwalimu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini kuna wakati pale Nakuru ambapo hungeweza kupita mbele ya duka lake bila kumsikia akizungumzia Wine. “Wine ya leo imekataa kabisa,” angesema kwenye simu, mlango ukiwa wazi. “Ile ya wiki jana ilikuwa bora. Nitairudia ile.” Hakuona ubaya wowote. Wine lilikuwa jina la programu ya kompyuta. Ila wapita njia walilijua neno hilo kwa maana moja tu, divai, na mmoja wao alikuwa mama wa kanisa lake, kanisa ambalo Mwalimu alikuwa mzee wake na ambamo hata meza ya Bwana iliandaliwa kwa maji ya zabibu.

Akaitwa. Wazee wenzake watatu wakamketisha ofisini, wakamwuliza kwa upole ameanza lini. Yeye akadhani wamevutiwa na programu. Akawaeleza kwamba alianza mwaka uliopita, kwamba mwanzoni ilimpa maumivu makali ya kichwa, lakini sasa hawezi kumaliza siku bila kuigusa, na kwamba kama wangetaka, angewafundisha. Haya nilisimuliwa na mkewe, ambaye sote tulimwita Sista kwa kuwa alikuwa muuguzi. Alipofika pale kwa “angewafundisha” alishika ukingo wa meza yangu na machozi yakamtoka kwa kicheko.

Nilifanya kazi ukuta kwa ukuta na Mwalimu kwa miaka minne, ingawa ninayoyakumbuka zaidi ni ya ile miwili ya mwisho. Ukuta wenyewe ulikuwa mbao laini zilizopigiliwa misumari. Upande wangu kulikuwa na mashine ya fotokopi, kompyuta moja ya kupiga chapa, na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Upande wake kulikuwa na saiba, duka la intaneti, lenye kompyuta kumi. Alikuwa amefundisha fizikia huko Njoro hadi akastaafu, na aliendelea kuvaa koti la ualimu lenye chaki mfukoni, ingawa dukani kwake hapakuwa na ubao.

Kompyuta zake zote kumi zilitumia Linux. Kote mjini watu walitumia Windows, na karibu wote walikuwa wameinakili kutoka kwa mwingine aliyeinakili kutoka kwa mwingine. Mwalimu aliuita huo wizi, bila kulainisha neno. Linux, alisema, imeandikwa na watu waliotaka uichukue, kwa hiyo ukiichukua hujamkosea mtu. Mteja aliyeingia na kuuliza mbona skrini inaonekana ngeni alipewa mhadhara wa dakika kumi, na dakika hizo hakulipishwa.

Mimi kompyuta yangu ilikuwa na Windows ya kunakili. Alijua hivyo tangu siku ya kwanza. Ilipopata virusi nikamwita, akaja, akasimama mlangoni na mikono nyuma.

“Mama Neema, mimi sishiki mali ya wizi, hata kwa matibabu.”

Lakini hakuondoka. Alisimama palepale saa nzima akiniambia bonyeza hapa, futa hiyo, hapana, ile ya chini yake, mpaka mashine ikapona. Hakuigusa hata kwa kidole. Sikujua kama nicheke au nimshukuru, nikamtengenezea chai.

Na huyohuyo mtu alikuwa na kitabu cha maktaba ya chuo ambacho kilistahili kurudishwa miaka kumi na minne nyuma. Kilikaa juu ya rafu yake, muhuri ukionekana wazi. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba hajakimaliza.

Shida yake kubwa ilikuwa kwamba vijana hawakuja saiba kusoma barua pepe peke yake. Walitaka michezo, hasa mchezo mmoja wa kandanda uliokuwa umewapagawisha mwaka huo, na mchezo huo ulitengenezwa kwa ajili ya Windows. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saiba nyingine iliyokuwa nao kwenye kila mashine, wa kunakili, na ilijaa tangu asubuhi. Mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alimletea Mwalimu diski yenye mchezo huo, bure, kwa ujirani mwema. Mwalimu akamshukuru sana, akamrudishia.

Badala yake akamwomba mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa nchi za nje amnunulie diski halisi. Ilipofika aliifungua mbele yetu taratibu, akasoma masharti yote ya leseni kuanzia mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho sijawahi kuona binadamu mwingine akikifanya. Masharti yalisema diski moja, kompyuta moja. Basi ikawa kompyuta moja. Katika mashine zake kumi, mchezo ungekaa kwenye namba saba tu, na hapo ndipo Wine ilipoingia, kwa sababu kazi yake ni kuziwezesha programu za Windows kukubali kukaa ndani ya Linux.

Mchezo ulimkatalia kwa wiki sita. Nilimsikia kupitia mbao akiguna, akisoma makosa kwa sauti kama anayesahihisha mitihani. Kisha asubuhi moja akaita jina langu, nikaenda, na kweli mchezo ulikuwa umefunguka. Nyasi zilikuwa kijani, mashabiki walikuwa wakipunga bendera, refa alikuwa na filimbi. Wachezaji walikuwa wakikimbia huku na huku, wakipiga mateke.

“Mwalimu,” nikasema, “wanapiga nini?”

Alisogea, akavua miwani, akaivaa tena. Mpira haukuwepo. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mpira.

Mteja wa kwanza kucheza hivyo alikuwa Salim wa Bondeni, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeuza magurudumu na mjomba wake. Salim aliingia, akamsalimu kila mtu kwa “niaje”, akaketi kwenye namba saba, na baada ya dakika mbili akageuka.

“Mzee, mpira uko wapi?”

“Upo,” Mwalimu akamjibu bila kuinua kichwa. “Kompyuta inajua ulipo, refa anajua ulipo, mabao yanahesabiwa. Ni wewe huuoni.”

Maneno hayo yalivuka barabara siku hiyohiyo. Kwa miezi mingi mtu akipoteza funguo pale mtaani, au mshahara ukichelewa, aliambiwa upo, ni wewe huuoni. Wateja wengine walijaribu mara moja wakaenda zao ng'ambo ya barabara. Salim alibaki. Alisema kwa jirani foleni ni ndefu, lakini nadhani lilikuwa suala la kiburi. Alijifunza kuusoma mpira kwa miguu ya wachezaji, kwa jinsi golikipa alivyoinama, kwa sauti ya uwanja. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akifunga mabao ambayo sisi tuliyajua tu kwa kuona mashabiki wakisimama. Watu walianza kuja kumtazama. Hawakulipa, walisimama tu, na Mwalimu aliwahesabu kama maendeleo.

Yeye hakuridhika, hata hivyo. Aliiandikia kampuni iliyotengeneza mchezo huo. Najua kwa sababu aliniletea rasimu nizisome; Kiingereza chake kilikuwa kile cha barua za kuomba kazi za zamani, chenye “I have the honour” mwanzoni. Aliwaeleza kwamba yeye ni mteja halali wa diski moja, kwamba mpira wao hauonekani kwenye Linux, na kwamba angependa kujua ni lini wataanza kuwahudumia watu wa Linux, ambao ni wengi kuliko wanavyodhani. Nilimwuliza ni wangapi hapa Nakuru. Akafikiri kwa uaminifu, akasema wawili, na yule mwingine alikuwa Njoro.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilikuwa la mistari miwili: mfumo anaoutumia hauhudumiwi, na wanamtakia burudani njema. Mwalimu alilipokea kama mtu aliyefunguliwa mlango. Walikuwa wamejibu. Aliwaandikia tena, kurasa saba na mchoro. Wakamjibu mistari ileile miwili. Akaandika ya tatu. Sista alinong'ona kwamba huko kwenye kampuni lazima kuna msichana kwenye meza ya barua ambaye akiona jina la Mwalimu analala chini ya meza.

Nilimtania nami. Nilimwambia kama angetumia nusu ya muda huo kuwatafuta wateja, angekuwa na saiba tatu. Siku hiyo hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba darasani alikutana na watoto wengi waliozoea kuambiwa hawahudumiwi, na kosa lao lilikuwa moja, waliamini wakaenda nyumbani. Kisha akaniomba stapla.

Kampuni ilipoendelea kumtumia mistari miwili, aligeukia upande wa pili, kwa watu wa kujitolea walioandika Wine yenyewe. Hao walikuwa na mahali kwenye intaneti ambapo mtu yeyote aliweza kuripoti hitilafu. Mmoja wao alimjibu. Hatukujua jina lake halisi wala nchi yake, tulijua tu kwamba aliamka sisi tukielekea chakula cha mchana. Alimwomba Mwalimu aendeshe mchezo kwa namna fulani na kumtumia kilichoandikwa na mashine. Mwalimu akafanya hivyo, na alipoombwa tena akafanya tena. Kila jaribio lilimhitaji Salim acheze, kwa hiyo Salim alicheza bure na kulalamika kwamba anafanyishwa kazi. Mwalimu alikuwa na furaha ambayo sijaiona hata kwa watu waliopata kazi serikalini.

Hapo ndipo mwaka wa 2007 ulipoisha, na uchaguzi wa Desemba ukatuachia ghasia za kikabila tulizozijua sote. Maduka yalifungwa. Mimi nilikimbilia kanisani na wanangu wawili, na kwa siku nyingi sikuwaza fotokopi, niliwaza maji na blanketi. Moshi uliweza kuonekana kutoka uani. Siku moja mchana simu yangu ililia. Alikuwa Mwalimu, na alizungumza haraka kwa kuwa salio lake lilikuwa linaisha. Alisema nisiwe na wasiwasi kuhusu mashine. Nilimwuliza mashine gani. Laini ikakatika.

Niliporudi mjini katikati ya Februari, mlango wangu ulikuwa umevunjwa. Ulikuwa wa mbao, haukuwachukua wezi dakika. Ndani walikuwa wameacha pazia jeupe, likiwa limekanyagwa, na kalenda. Nikasimama katikati ya chumba kile kitupu. Kisha nikaona kwamba mbao nne za ukuta wetu zilikuwa zimeng'olewa misumari na kurudishwa vizuri, na juu ya ubao mmoja kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, kwa mwandiko wa Mwalimu: “Nimehamisha: fotokopi moja, kompyuta moja, kamera moja, rimu nne, kiti kimoja. Kiti kina mguu mbovu, hakikuvunjikia kwangu.”

Vitu vyangu vyote vilikuwa upande wake, nyuma ya mlango wa chuma, vimefunikwa shuka la hospitali. Yeye na Salim walikuja siku ile ya kwanza kabla barabara hazijafungwa, wakatoa mbao, wakabeba. Fotokopi ile ilihitaji wanaume wanne. Wao walikuwa wawili, na mmoja alikuwa na miaka zaidi ya sitini.

Nilimwuliza Mwalimu, kwa upumbavu, nani alibeba kompyuta.

“Mimi,” akasema.

“Si ulisema hushiki mali ya wizi?”

“Ilikuwa dharura, Mama Neema.” Akaangalia pembeni kama mtu aliyekamatwa. “Na usiizungumzie kwa Salim.”

Katika miaka yote minne hakuwahi kuniuliza mimi ni wa wapi, nami sikuwahi kumwuliza yeye. Baada ya Januari ile, nilijua jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko nilivyodhani. Wiki iliyofuata nilimwomba aniwekee Linux. Alijaribu kuficha furaha yake na akashindwa. Kwa miezi miwili barua za wateja wangu zilitoka na herufi za ajabu, na nilimlaani kupitia mbao, na yeye alinijibu kupitia mbao kwamba niwe na subira.

Wateja walirudi polepole, ng'ambo ya barabara na kwetu pia. Yule mtu wa Wine, asiyejua chochote kuhusu tuliyopitia, alikuwa ameuliza mara tatu kwa nini Mwalimu amenyamaza. Mwalimu alimwandikia kwamba kulikuwa na tatizo la umeme, jambo ambalo halikuwa uongo wote, wakaendelea walipoachia.

Katikati ya mwaka ikatoka Wine mpya. Mwalimu alikuja kwangu na karatasi ya mabadiliko aliyoipakua. Orodha ilikuwa ndefu, maneno yasiyosomeka, na karibu na mwisho kulikuwa na mstari mmoja kuhusu kitu cha duara kisichochorwa katika mchezo wa kandanda, na namba ya ripoti yake. Jina la Mwalimu halikuwepo, ilikuwepo namba tu. Alitaka nakala kumi. Moja aliiweka ndani ya Biblia yake, moja aliipeleka kwa wale wazee watatu wa kanisa, na moja, Sista aliniapia, aliituma kwa posta kwa ile kampuni ya mistari miwili.

Alitutangazia kwamba Jumamosi asubuhi mpira utaonekana. Walikuja watu wengi kuliko kompyuta, hata mwenye saiba ya ng'ambo alivuka barabara akasimama mlangoni na mikono mifukoni. Mwalimu alivaa tai. Akafungua mchezo kwenye namba saba, nyasi zikaja, mashabiki wakaja, na pale katikati ya uwanja, mweupe, mdogo, ulikuwa umetulia ukisubiri. Mtu mmoja nyuma alisema tu, “Kumbe ulikuwa mdogo hivyo.”

Salim akaketi kucheza. Alifungwa bao la kwanza dakika ya tatu, na la pili kabla hatujamaliza kuwahurumia mabeki wake. Aliutazama mpira, na kila alipoutazama aliwasahau wachezaji. Alifungwa sita. Alisimama, akamtazama Mwalimu kwa uchungu wa kweli, akasema, “Boss, rudisha ya zamani.”

Mwalimu alikataa. Alisema maendeleo hayarudi nyuma. Lakini Jumatatu niliona kwenye namba saba vitufe viwili vya kufungulia mchezo, na kimoja kilikuwa kimeandikwa “Salim”.

Mwisho wa mwaka huo wa 2008 Sista alistaafu, na wakahamia shambani kwao Ndabibi. Saiba ilichukuliwa na wauzaji wa simu. Mbao za ukuta ziling'olewa zote, na upande wa pili sikusikia tena mtu akisahihisha mashine.

Nilimwona mara moja tu baadaye. Shule moja ya huko Ndabibi iliniita nikawapige wanafunzi picha za usajili wa mtihani, na nilipomaliza, mwalimu mkuu akanielekeza nyumbani kwa Mwalimu na Sista. Walikuwa barazani. Juu ya bati kulikuwa na paneli ndogo ya sola, waya ukishuka hadi kwenye kompyuta iliyokuwa mezani baina ya sufuria la maziwa na bakuli la njegere zilizomenywa nusu. Walikuwa wakicheza kandanda, yeye na Sista, kibodi moja, mikono minne.

Nilivuta kiti, nikatazama, na polepole nikaelewa kitu ambacho ukuta wa mbao ulikuwa umenificha. Mwalimu hakujua kucheza. Aliufungua mchezo huo mamia ya mara, aliujua ndani nje, na hakuwahi hata siku moja kuketi akacheza. Kila ulipofunguka alikuwa amempisha mwingine. Wachezaji wake walikuwa wakikimbilia kwenye kona na kusimama huko.

“Kwa nini huyu hageuki?” akauliza. “Amri ya kugeuka inasomwa kabla ya ile ya kukimbia, au baada?”

“Mzee,” akasema Sista, na akamshika kidole cha kati, akakiweka kwenye kitufe, “usiulize kwa nini. Bonyeza.”

Akabonyeza. Mchezaji wake akageuka, akaenda hatua nne, akaanguka. Mwalimu akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, sauti nyembamba, ya mtoto wa darasa la pili.

Walinipa chai na njegere za kumenya. Gari la saa kumi lilipita nikalisikia likipiga honi barabarani, na sikuinuka. Nilipoondoka hatimaye, Sista alikuwa anaongoza tano kwa bila, maziwa yalikuwa yamepoa, na Mwalimu alikuwa ameinamia kibodi, akiomba wacheze nyingine.